Piano Isiyo na Mlango

Homa Bay,
12 Septemba 1997

Kwa Fundi Gisiri,

Hujambo, fundi? Mimi nasema sijambo kwa sababu ya adabu tu. Kwa kweli nimechoka. Tangu lori liibebe piano yangu mwezi wa Julai, sebuleni zimebaki alama nne za magurudumu sakafuni. Nikipita hapo mguu bado unakwepa.

Ulipokuja kuiangalia hukuniuliza maswali mengi, nami nikakupenda kwa hilo. Lakini ni heri ujue kwa nini nina haraka. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nne. Mwaka wa sitini na tatu nilipelekwa Ulaya kusomea piano, nikarudi na shahada na hiyo piano, nikapiga Nairobi miaka ishirini mbele ya watu waliovaa tai. Mume wangu Walter alipofariki mwaka wa themanini na tisa nilikuja kumzika huku kwao, na sikurudi. Nilikataa kurithiwa na shemeji. Wakasema chira, laana ya kuvunja mila, itanimaliza. Mpaka leo haijafika, nadhani imepotea njia.

Kazi yangu sasa ni watoto kumi na wanne. Saba wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kwa ugonjwa huu ambao tunauita homa, kifua, chochote, ila jina lake. Saba wazazi wao wako. Nawakalisha wawili wawili kwenye benchi moja, mmoja wa saba hawa na mmoja wa saba wale. Huyu anapiga sehemu ya mkono wa kushoto, yule ya mkono wa kulia. Mwaka jana walikuwa hawanywi maji kwa kikombe kimoja. Lakini wimbo wa watu wawili huwezi kuupiga huku umemgeuzia mwenzako mgongo. Siasa yangu yote ndiyo hiyo, fundi. Benchi.

Bwana Nicodemus wa ofisi ya maendeleo ya jamii ameniahidi chumba cha nyuma cha ukumbi kiwe chetu, mradi tufanye tamasha aone kwa macho yake. Tarehe ni Jumapili, 7 Desemba. Tukishindwa, chumba kitakuwa stoo ya soda. Nami nikishindwa na hili nitafunga nyumba, niende kwa binti yangu Nairobi nikazeeke kama wengine.

Nijibu.

Dolphine Aluoch


Migori,
26 Septemba 1997

Kwa Mwalimu Dolphine,

Barua yako imefika ikinuka omena, dagaa wa ziwa, nadhani ilisafiri gunia moja nao. Nimefurahi hata hivyo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo ni wa fundi yeyote.

Mama, wewe huna huruma nami? Watoto saba na saba, tarehe saba, mwaka wa tisini na saba! Sisi Wakuria saba tunaiogopa kama nyoka. Hata tukihesabu ng'ombe tukifika hapo tunakohoa kisha tunaendelea. Mimi ni Msabato na sitakiwi kuamini mambo hayo. Lakini hata Msabato ana nyanya.

Sasa mgonjwa wako. Hewa ya ziwa imezipa nyuzi zake kutu. Mchwa wamekula mguu mmoja mpaka kwenye goti. Nondo wamemaliza sufu yote ya nyundo zake ndogo, na nyundo ni themanini na nane, nimezihesabu. Nimenunua sokoni kofia mbili za mitumba, zile nzito za wazee wa Ulaya, nimezikata na kuzivisha nyundo moja moja. Kwa hiyo ukisikia piano inakohoa usishangae, imevaa kofia za wavuta kiko.

Nimeivua nguo zote. Kifuniko cha juu, ubao mkubwa wa mbele, na ule mlango unaofunika meno, yaani vibonyezo, wenye maandishi ya dhahabu. Nimeziegemeza ukutani na kuzifunika shuka safi. Usiwe na wasiwasi.

Sina mtu wa kunisaidia ila mmoja. Kuna mama Mkisii anauza ndizi nje ya karakana, ana kajukuu kake ka miaka sita, Moraa. Nikiwa ndani ya piano nakaza nyuzi, kenyewe kanakaa juu ya ndoo na kunibonyezea jino. Sisi wa kwaya hatujui majina ya kizungu, tunajua do re mi. Nimekaonyesha so ya katikati. Kanabonyeza so, so, so, mpaka mimi nachoka, kenyewe hakachoki. Nikisema tuhamie la, kanalia.

Wako,
Fundi Gisiri Marwa
(Jumamosi usitume mtu. Sishiki nyundo.)


Homa Bay,
20 Oktoba 1997

Fundi mpendwa,

Msalimie Moraa. Mwambie mimi pia mwaka mzima wa kwanza nilinyimwa la.

Mvua imeanza huku na haina nia ya kwisha. Wiki hii nimekwenda matanga mara tatu. Moja ni ya mama wa Simeon, mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote, anayepiga mkono wa kushoto pamoja na Liz, binti wa Pauline. Tulipotoka makaburini watu walimpisha njia mtoto yule, si kwa heshima. Niliona. Nilimshika mkono, na nikajikuta hata mimi nahesabu ni wangapi wananitazama. Hapo nilijichukia.

Fundi, wakati mwingine najiuliza nilisomea nini. Kule Ulaya nilipiga mbele ya watu elfu, wakasimama kunipigia makofi. Huku nikipiga mbele ya watu ishirini, mmoja huuliza kama kile chombo kinaweza kupiga muziki wa benga. Sina chuki nao. Nimechoka tu, na mikono inauma nikikanda unga, sembuse kupiga piano.

Nina ombi moja. Ule mlango wa meno, unapousafisha, herufi zisiguswe. Siku tuliyoishusha piano bandarini Mombasa, Walter alitoa leso akazifuta herufi zile, akasoma jina la fundi wa Kizungu kwa sauti, vibaya sana, mpaka wachukuzi wakacheka naye akacheka zaidi yao. Alipokufa ndugu zake walibeba kila kitu, mpaka viatu. Piano iliwashinda uzito. Kwa hiyo kitu cha Walter nilichobaki nacho ni zile herufi.

Mungu akupe mbao na jua.

Dolphine


Migori,
11 Novemba 1997

Kwa Mwalimu,

Salamu. Sikujibu mapema kwa sababu ya mvua. Barabara ya Kisii imekatika mara mbili, malori ya mbao hayafiki, na mji mzima hauna ubao hata wa kutengenezea kigoda. Unajua siku hizi sisi maseremala tunatengeneza nini zaidi. Mafundi wa vitanda wamesahau vitanda.

Piano imepona. Nyuzi zimekazwa, nyundo zinagonga. Mguu mpya nimeuchonga kwa mti wa mkuyu.

Nina swali la kitaalamu, mwalimu, usinielewe vibaya, ni kutaka kujua tu. Piano ikipigwa bila kifuniko, bila ubao wa mbele, na tuseme bila ule mlango, sauti inaharibika? Nimeijaribu hivyo na naona inatoka kubwa zaidi. Huenda Wazungu waliweka zile mbao kwa ajili ya vumbi tu. Pengine sisi hatuna haja nazo.

Moraa hayupo siku hizi.

Nikumbuke katika sala.

Gisiri


Homa Bay,
18 Novemba 1997

Bwana Gisiri,

Sina swali la kitaalamu, nina swali la kawaida. Mbao zangu ziko wapi?

Pauline alipita Migori Alhamisi kununua mahindi. Kwa kuwa ni mtu mwenye macho, aliingia karakana yako. Anasema piano imesimama uchi kama kuku aliyenyonyolewa, na ukutani hakuna shuka wala mbao. Alipokuuliza uliangalia chini, ukasema utaniandikia. Hukuandika.

Mbao zile ni za msonobari wa miaka mia, na juu yake rangi nyeusi inayong'aa. Najua mji hauna mbao. Najua ubao mzuri leo unamfaa nani na kwa shughuli gani. Je, umeuza? Kama umeuza, sema. Nilikuandikia habari za mume wangu kama ninavyomwandikia ndugu. Siombi hadithi ya barabara tena. Ijumaa ijayo nikiwa sijapata jibu nitakwenda kwa chifu wa huko, na Bwana Nicodemus atanipa barua ya ofisi.

Zimebaki siku kumi na tisa. Watoto wanafanyia mazoezi juu ya meza, nimewachorea meno kwa chaki.

D. Aluoch


Migori,
22 Novemba 1997

Kwa Mama Dolphine wa Homa Bay,

Mimi ni Nyasuguta, muuza ndizi. Hunijui. Anayeandika ni Zablon, karani wa kanisa letu, anaandika kama ninavyosema.

Nimekuja kwa barua hii kukushukuru. Ningekuja kwa miguu yangu lakini miguu imevimba. Fundi Gisiri nilimuuliza mwenye mbao ni nani, hakutaka kunitajia. Alisema ni mtu ambaye hapendi kushukuriwa. Lakini bahasha yako ilikuwa juu ya benchi lake, na Zablon anajua kusoma.

Mjukuu wangu Moraa alishikwa na malaria tarehe moja mwezi huu. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, hatukuvuka kwenda hospitali. Siku ya nne akaniacha. Mama yake alikuwa ametangulia mwezi wa pili. Nilitafuta mbao mji mzima. Wiki ile watu walikufa wengi, na mafundi wote waliniambia hakuna. Nikasema basi nitamfunga shuka na mkeka, wazee wetu walizikwa hivyo. Lakini watu walianza kusema, huyo wa familia ya ule ugonjwa, hata sanduku hapewi. Hilo liliniuma kuliko kifo.

Kesho yake asubuhi Fundi Gisiri akaja na sanduku dogo, jeusi, linang'aa hadi unajiona uso. Juu ya kifuniko maandishi ya dhahabu. Nikamwambia, fundi, mimi ni wa ndizi, hili ni la waziri. Akasema, mwenye mbao ametoa, amesema ni za Moraa.

Mama, watu waliokuwa wanasimama mbali walisogea kuangalia. Walikaribia mpaka wakaligusa. Wakamwimbia. Mjukuu wangu amezikwa na watu.

Nina maswali mawili na uniwie radhi. Watu wananiuliza yale maandishi yanasema nini, na Zablon ameshindwa kuyasoma, anasema si Kiingereza. La pili, usiku nalala nikijiuliza: ni kweli mtu anaweza kutoa mbao nzuri hivyo kwa mtoto asiyemjua? Nikijua ni kweli nitalala.

Mungu akuweke.

Nyasuguta
(alama ya kidole chake. Zablon, karani.)


Homa Bay,
26 Novemba 1997

Gisiri,

Nyasuguta ameniandikia. Sasa najua.

Kwa nini hukuniambia? Nijibu kwa basi la Ijumaa, na usinitanie.

Dolphine


Migori,
28 Novemba 1997

Kwa Mwalimu Dolphine,

Sitatania.

Nilikuwa na ubao mmoja wa mkaratusi, umepasuka katikati, hautoshi hata ubavu. Nilikaa nao tangu jua kuchomoza, nikiupima na kuupima tena, kana kwamba ungekua. Nyuma yangu zile mbao zako zilikuwa chini ya shuka. Katoto kale kalizoea kulifunua shuka lile asubuhi, kanajitazama uso kwenye mlango wa dhahabu na kuzitolea ulimi herufi zako. Mwalimu, mimi sikuamua. Mkono uliamua. Nilipozinduka nilikuwa nimeshakata.

Nilikata kifuniko na ubao wa mbele kwanza. Mlango wa herufi niliuacha kwa ajili ya mume wako, naapa. Lakini vipande havikutosha kufunika juu.

Barua yako ya Walter nilikuwa nimeisoma. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza. Woga wa kwanza ni wewe. Woga wa pili ni watu wako. Mabaki ya mbao za jeneza hayapelekwi nyumbani, hata kuni hatufanyi, tunayaacha kaburini. Sasa piano yenyewe nzima ni mabaki. Wakisikia Homa Bay kwamba nguo zake ziko kaburini kwa mtoto, na mtoto wa familia gani, nani atamwacha mwanawe aiguse? Nilidhani nikipata mbao nyingine zozote, nipake rangi nyeusi, hakuna atakayejua. Mbao hazikuja.

Nikamdanganya mama wa watu kwamba umetoa, kwa sababu asingelipokea. Ukitaka nitakwenda kumwambia kweli, hata leo. Ila leo ni Ijumaa na jua linashuka, basi nitakwenda Jumapili.

Malipo sitaki. Nitakuja na lori mwenyewe.

Gisiri Marwa


Homa Bay,
1 Desemba 1997

Gisiri,

Usiende kwa Nyasuguta. Usimwambie lolote.

Siku mbili hizi nimekutukana peke yangu jikoni, kwa Kijaluo, mpaka maneno yakaisha. Nimelia pia. Si kwa ajili ya mbao tu, usijipe ukubwa.

Lete piano ilivyo.

Dolphine


Homa Bay,
10 Desemba 1997

Kwa Mama Nyasuguta,

Pole sana, mama. Pole kwa Moraa, na pole kwa mama yake. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza tamasha lipite ili nikuandikie nikiwa na kitu cha kukuambia. Naye Zablon namshukuru, ana mwandiko mzuri.

Fundi Gisiri alifika na piano Ijumaa kabla ya jua kuzama. Barabara mbovu ilikuwa imeivuruga sauti karibu yote. Nikamwomba airekebishe Jumamosi, akakataa. Alikaa ukumbini siku nzima kwenye kiti, mikono mapajani, anaitazama piano nayo inamtazama, na mimi nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Jua lilipozama tu akasimama. Unamjua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Piano ilikuwa wazi mbele, nyuzi zote nje na nyundo zote nje, na watoto wa viti vya nyuma walipanda juu ya mabenchi kutazama zinavyoruka. Miaka thelathini nimepiga nyuma ya ubao mweusi, mama, sijawahi kuona watu wakisogea karibu hivyo. Kisha Pauline, mzazi wa mwanafunzi wangu Liz, akasimama.

"Mwalimu, utuwie radhi. Sisi tumesikia ati hizo mbao za mbele zilienda kaburini. Ni ukweli?"

"Ni ukweli," nikasema.

"Za jeneza?"

"Za jeneza. Nilizitoa mimi."

Kisha wanawake watano wakaja mbele, kila mmoja akachukua mwanawe. Pauline alimchukua Liz kutoka kwenye benchi, karibu na Simeon. Bwana Nicodemus akaangalia saa yake. Mimi nilisimama pale nikaona miaka yangu minane ikitoka mlangoni, na nikasema moyoni, basi, Nairobi.

Simeon hakuniuliza. Alianza. Alipiga mkono wa kushoto peke yake, polepole, na kila palipokuwa pa Liz alinyanyua vidole akangoja, akiacha nafasi ya mwenzake. Ningeweza kukaa nimsaidie. Nilishindwa kusogea. Ukumbi ukazisikia zile nafasi tupu. Katika ubeti wa pili Liz akaimba sehemu yake kutoka mlangoni, kwa do re mi, mama yake amemshika mkono. Hakurudi kwenye benchi. Lakini mama yake hakumziba mdomo, na wala hawakuondoka mpaka wimbo ukaisha.

Sitakudanganya kwamba tumeshinda. Bwana Nicodemus anasema mambo ya chumba tungoje uchaguzi uishe, na huo ndio wimbo wa kila ofisi. Watoto tisa wamerudi kati ya kumi na wanne. Liz si mmoja wao, ingawa jana alipita dirishani mara tatu. Piano iko kwenye veranda ya ukumbi chini ya turubai. Nimechoka, mama, nimechoka mpaka kwenye nywele, lakini binti yangu nimemwandikia asinitandikie kitanda.

Sasa maswali yako. Maandishi yale ni jina la fundi aliyeiunda piano na jina la mji wake. Marehemu mume wangu aliyasoma vibaya siku ya kwanza, na sijayasikia yakisomwa vizuri zaidi. Wakikuuliza, waambie hivyo: ni jina la fundi.

La pili: ni kweli. Nilitoa mbao zangu. Lala, mama.

Ila si kweli kwamba simjui Moraa. Katika meno themanini na nane, safari ya lori iliharibu sauti ya yote isipokuwa moja. Fundi alipofika kwenye so ya katikati alibonyeza, akasikiliza, akaipita bila kuigusa. Jioni watoto wakikusanyika kila mmoja ana sauti yake na kelele zake. Mimi nabonyeza jino hilo mara tatu, so, so, so, nao wanaitikia wote pamoja.

Wako,
Dolphine Aluoch